Kalenda ya Gereji

Fridley, Minnesota
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Kwa wifi yangu Nasima,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki yako, ndiyo nakupa. Hali yangu usiniulize, na yako nimeshaiona kwenye picha.

Leo asubuhi nimepanda ngazi na bakuli la uji na mahamri manne, kama nilivyopanda kila siku tangu ndugu yangu Salmin atutoke. Nabisha, kimya. Nabisha tena, kimya. Nikasema huyu kaanguka bafuni. Nikatia ufunguo wangu, naingia ndani, kitanda kimetandikwa, nguo zako nyeupe zimekunjwa juu ya mto, na ile shuka niliyofunikia kioo imevuliwa. Nilikaa kitandani pako nikalia, nikidhani umebebwa na ambulensi nami niko chini nakanda unga. Nikapiga simu Plymouth, kwenye hiyo nyumba ya wazee unakofanya kazi, akapokea Chepkemoi. Ati, "Kwani hujui? Nasima yuko Lisbon. Angalia status ya Jedidah."

Nikaangalia. Ala! Mjane wa ndugu yangu, mwanamke aliye ndani ya eda, kasimama kando ya jiko la mkaa huko Ulaya, kashika samaki kwa mkono, mdomo unang'aa mafuta. Na kavaa nyekundu. Nyekundu, Nasima!

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, hata mtoto wa madrasa anajua. Salmin alifariki tarehe tisa Aprili. Nimezitia alama siku zote kwa kalamu kwenye kalenda yangu, na zinaisha Jumanne hii, tarehe kumi na tisa. Umeshindwa kungoja siku hizo chache? Miezi minne umeivumilia, mkia ndio umekushinda? Tena umesafiri na Jedidah. Jedidah ni muuguzi mzuri, na watu wa Saint Paul wanamsifu, lakini yeye na kanisa lake wanajua nini kuhusu eda?

Jumamosi ijayo nimealika wanawake arubaini kwenye ukumbi wa chini. Mbuzi nimeshaagiza. Udi umetoka Mombasa ndani ya sanduku la mtu. Ni mimi, wifi yako, wa kukuogesha na kukuvisha na kukutoa eda mbele ya watu. Sasa nimtoe nani? Nitoe picha ya samaki?

Nisikilize. Uwe hapa kabla ya Jumamosi. Ukae kwenye kiti, utolewe kwa heshima, na hili nitalimeza nisimwambie mtu. Usipokuja, nitasimama mbele ya hao arubaini niseme kwa mdomo wangu kwamba umeivunja eda ya ndugu yangu, na mlango wangu usiubishe tena maisha. Miaka ishirini na sita tumekuwa mawifi. Chagua.

Wifi yako, kwa sasa,
Rukaya

*

Lisbon
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kwa wifi yangu Rukaya,

Waalaykum salaam. Mimi nitakuuliza hali, kwa sababu mama yangu alinilea: goti vipi? Unapanda zile ngazi kwa goti lile, na lifti ipo.

Barua yako imenifikia kwenye simu, nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimelia, ya pili nimekutukana, ya tatu nimeagiza sahani nyingine ya sadini. Ndiyo. Sadini mbichi, si za mkebe, zimechomwa kwa chumvi ya mawe mpaka ngozi imepasuka, zimelazwa juu ya kipande cha mkate ili mkate unywe mafuta. Nimekula sita. Na usiku wa kuamkia leo nimelala kama mtu, kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Unataka kujua kwa nini sikukuaga? Kwa sababu nakuogopa. Haya, nimesema. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, anamwogopa wifi yake.

Miezi minne, Rukaya! Ulinifunikia kioo siku ya pili. Ukanikataza kutoka kibarazani kwa sababu jirani wa mbele ni mwanamume, mzee wa watu hata macho hana. Jedidah alikuja na chakula kutoka Saint Paul, kapanda treni na mabasi mawili na sufuria mkononi, ukamrudisha mlangoni ukasema nimelala. Nilikuwa nimekaa hapo nyuma yako! Na siku ya saba uliingia kabatini ukatoa nguo za Salmin zote, ukazitia mifukoni ukazitoa sadaka, hata lile koti la baridi alilokuwa akivaa akiendesha basi la uwanja wa ndege. Lilikuwa bado lina harufu yake. Hukuniuliza. Ulisema, "Ni bora kwako." Nani alikupa mizani ya kupima bora yangu?

Unajua nilijiona uso wapi? Kwenye choo cha ndege. Nikafunga mlango, nikainua macho, nikamwona kizee. Nikamwambia shikamoo kabla sijajijua.

Basi nakwambia nilivyo, upasuke. Mji huu ni milima mitupu na mawe ya kuteleza. Tramu ya manjano inapita kwenye vichochoro mpaka unaweza kuchukua nguo ya mtu dirishani. Na nguo zimeanikwa kila dirisha, wifi, shuka na suruali za ndani, hakuna meneja wa jengo wa kuwaandikia barua kama yule wetu. Wanawake wanaongea dirisha kwa dirisha. Nilisimama kwenye ngazi nikawasikiliza kwa lugha nisiyoijua na nikaelewa kuwa wanamsengenya mtu. Kahawa yao inakuja kwenye kikombe kidogo, nyeusi, chungu, kama ile ya kwetu Kuze, Mombasa, imekosa kashata tu. Na yule samaki wanayejisifia duniani kote, bakalyau? Ng'onda! Samaki mkavu wa chumvi, amerowekwa, akapikwa na viazi. Nikamwambia Jedidah, "Hiki mama mkwe wangu alikuwa akikipika Jumatatu." Leo mchana tumepata duka la Waislamu wa kutoka Msumbiji, wanauza sambusa za nyama. Niliuma moja nikakumbuka mkono wako, na hilo likanizidisha hasira.

Sasa hilo la eda. Sikuvunja kitu. Eda inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, Rukaya, haihesabiwi kwa Aprili na Agosti. Salmin alifariki Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, tarehe kumi. Miezi minne inafika kumi Mfunguo Tano, na siku kumi juu yake ni ishirini. Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne. Nimeikaa yote, sikupunguza hata saa moja. Magharibi ilipoingia nikaoga mwenyewe, nikavua nyeupe, Ijumaa nikapanda ndege. Nilihesabu kwenye ile kalenda ya msikiti aliyoitundika Salmin mwenyewe jikoni. Unakumbuka alivyoipenda ile kalenda ya gereji walikokuwa wakimtengenezea basi, yenye picha za magari? Miaka saba iliyopita aliitoa ukutani akaichana vipande, hakuniambia kwa nini, na tangu hapo nyumbani kwetu hakukuingia nyingine ila ya msikiti.

Wewe umehesabu kwa kalenda ya kulipia kodi ya nyumba. Kosa ni lako. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe, halafu hao wanawake arubaini uwaambie hilo.

Wifi yako, upende usipende,
Nasima

*

Fridley
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nasima,

Assalaam alaykum. Goti linauma. Umefurahi?

Nimesoma mambo yako ya sadini na tramu. La kuvunda halina ubani, sitajichosha. Koti nilitoa kwa sababu nilikuona unalala nalo, na mtu akilala na koti la maiti haamki. Hilo nitakujibu mbele ya Mungu.

Lakini hili la kunifundisha eda silivumilii. Wewe! Unifundishe mimi! Hebu nikukumbushe, kwa kuwa sadini zimekutia usahaulifu.

Mume wangu Masudi alifariki Januari 2016, baridi ya kupasua mawe, na Waswahili hapa Fridley tulikuwa tunahesabika kwa vidole. Hapakuwa na mtu wa kunifundisha. Salmin ndiye aliyenihesabia, kidole chake kwenye kalenda hiyo hiyo ya gereji unayoidharau. Akasema, "Dada, inaisha Jumamosi, ishirini na moja Mei." Nikakaa. Nikiwa ndani ya eda, mama akaanguka kule Mombasa. Ulikuwepo, ulisikia simu zile. Mama anasema, "Mleteni Rukaya, nimshike mkono." Kila siku. Mwezi mzima akiniita. Watu wakaniambia nenda, Mungu ni mwenye kusamehe. Salmin akasema tusubiri, tutakwenda pamoja, tiketi za Jumapili ishirini na mbili, siku moja tu baada ya eda. Nikasubiri. Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya kutoka, nimeshatia maji ndooni nioge, simu ikalia. Mama ameondoka alfajiri.

Hakuna aliyeniogesha. Hakuna aliyenivisha. Nilivua nguo za eda nikavaa za msiba mwingine.

Lakini niliikaa, Nasima. Mama yangu anakufa, ananiita kwa jina, nami sikutoka mlangoni. Miaka tisa hilo ndilo linalonisimamisha nikikumbuka sauti yake: kwamba nilifanya linalopasa. Wewe hukuitwa na mtu. Wewe umeitwa na samaki.

Kwa hiyo usinambie habari ya mwezi wa mbinguni. Mpaka Jumamosi.

Rukaya

*

Lisbon
Jumanne, 19 Agosti 2025

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumai umeamka salama, na goti limepungua, na dukani unapouzia leso kuna wateja. Mimi sijambo.

Jana tulikwenda ufukweni, mahali panaitwa Belém. Kuna mnara mweupe majini, na kanisa kubwa la mawe yaliyochongwa kama lesi ya pazia. Ndani yake amezikwa yule Mreno tuliyesomeshwa shuleni, yule aliyekuja Mombasa watu wakamfukuza akakimbilia Malindi. Kachongwa kwa mawe, kalazwa juu ya kaburi, mikono kaikutanisha kana kwamba hakufanya kitu. Nikapandwa na hasira pale pale. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Wewe ulikuja kwetu bila kualikwa, leo na mimi nimekuja kwako, tena mimi nimelipa kiingilio." Mlinzi akaniangalia. Jedidah akanivuta mkono huku anacheka mpaka anatokwa na machozi. Kisha tukapanga foleni ya vikeki vyao vya mayai, vidogo, unga wake tabaka kwa tabaka unakatika mdomoni, juu vimeungua madoa meusi, unanyunyiza mdalasini. Vingekupendeza. Nimekununulia sita.

Barua yako niliisoma kwenye foleni ile. Sikuweza kuvila, Jedidah kala vyangu.

Wifi, nimefikiri. Huenda mimi ndiye niliyekosea. Tena leo asubuhi nilikwenda msikitini hapa, nikamkuta shekhe mmoja mzee wa Msumbiji, nikamweleza, akasema hesabu ya kalenda ya kizungu pia inafaa kwa watu wanaoishi ugenini. Kwa hiyo ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyetoka mapema, astaghfirullah. Waambie hao wanawake arubaini nimevunja eda, sitakujibu neno. Nimebadilisha tiketi, nitaingia Ijumaa jioni. Jumamosi nitakaa kwenye kiti chako, na nyeupe nitavaa tena, uniogeshe wewe.

Nakuomba kitu kimoja. Lile nililokwambia uchukue kalamu uhesabu, liache. Nilisema kwa hasira. Usihesabu, Rukaya. Kalenda zenyewe zinatofautiana, mwezi huandama huku na kule hauonekani. Kwa jina la Salmin, usihesabu.

Wifi yako akupendaye,
Nasima

*

Lisbon
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Wifi,

Assalaam alaykum. Mbona kimya? Nimepiga simu jana mara nne na leo mara sita. Nimemwomba Chepkemoi apite kwako akitoka shifti, akasema taa inawaka na hukufungua.

Nitukane. Niite msaliti, mla samaki, lolote. Lakini niandikie.

Sijala leo. Mji wote unanuka sadini na sizitaki.

Nasima

*

Fridley
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Nasima,

Assalaam alaykum.

Nilihesabu Jumapili ile ile. Uliponambia nichukue kalamu, kalamu ilikuwa mkononi. Nilianza na yako, ili nikuumbue. Ikatoka Alhamisi, tarehe kumi na nne. Nikarudia, ikatoka Alhamisi. Jumatatu nilikuandikia ile barua ya matusi nikiwa nimeshajua kuhusu yako, na nilikuwa naandika haraka ili mkono usifike kwenye yangu. Ndivyo nilivyo, basi.

Jumanne ukaniandikia "wifi yangu mpenzi". Miaka ishirini na sita hujawahi kuniita hivyo. Hapo ndipo nilipojua kuna maiti chini ya maua. Na shekhe wa Msumbiji! Muongo mkubwa wewe! Jedidah ameweka picha za Jumanne asubuhi yote, uko kwenye tramu, umekula upepo, ushungi umekukaa shingoni. Msikitini ulikwenda saa ngapi? Kumdanganya mtu ni kazi, usiifanye ukiwa na shoga mwenye simu.

Basi nikahesabu. Masudi alifariki tarehe kumi na moja Januari, ilikuwa mwezi mosi Mfunguo Saba. Miezi minne, mwezi mosi Shaabani. Siku kumi. Nilikuwa huru Jumatano, kumi na nane Mei. Ningeondoka jioni ile, Ijumaa mchana ningekuwa Mombasa. Mama alikufa Jumamosi alfajiri. Ningempata jioni moja na usiku mmoja. Angenishika mkono.

Nilikwenda kwa shekhe wetu juzi, nikamuuliza kana kwamba namuulizia mtu mwingine. Akasema ni kwa mwezi, haina mjadala. Kisha akaanza kunambia kosa la kutojua halina dhambi, na mama wa mtu akiwa mahututi huja mtu akauliza kwanza. Mimi sikumuuliza dhambi. Nilimuuliza siku. Nikatoka bila ya kuaga, na kiatu cha mguu mmoja nimevaa cha mtu mwingine.

Sasa nikwambie hasira yangu iko kwa nani, usije ukadhani imeisha. Iko kwa Salmin. Ile kalenda aliyoichana miaka saba iliyopita, hukujua kwa nini. Mimi najua. Aligundua. Sijui nani alimwambia, lakini aligundua, akaichana, akaja kwangu kila Ijumaa miaka saba anakula pilau yangu na ananisikiliza nikijisifu kwamba mama alikufa nami niko kwenye haki. Anaitikia, "Kweli, dada." Na yeye pia alikuwa mwanawe! Na yeye alikosa mkono ule ule! Akanyamaza mpaka kaburini, akaniachia mjane wake naye anyamaze. Mlioana kweli nyinyi wawili. Ningemkuta hai leo ningemzaba kofi, halafu ningemkumbatia tukalia yetu, sisi watoto wawili wa mama mmoja, badala ya kulia kila mtu na wake.

Wewe nawe nina hasira nawe. Hukosi fungu lako. Lakini ulichonikasirisha si Lisbon. Ni kwamba uliponiona niko karibu na shimo, uliniambia nifumbe macho. Mimi niliyekufunikia kioo miezi minne sina uso wa kukulaumu, lakini nakulaumu.

Koti sikulitoa sadaka. Niliwapa mifuko yote, nikalirudisha. Liko kabatini kwangu, nyuma ya mabuibui. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala nalo. Njoo uchukue lako.

Sasa Jumamosi. Mbuzi ameshachinjwa na wanawake arubaini wanakuja, siwezi kuwarudisha. Nitawaambia kwamba Nasima alitoka eda yake Alhamisi, salama, kwa hesabu sahihi, na atakayesema vingine anione mimi. Wewe kwenye kiti hukai. Kaa na nyekundu yako.

Ukifika, usilale. Pandisha maji ndooni, utie na waridi, chupa iko juu ya friji. Kiti nimeshakiweka, na shuka nimezivua kwenye vioo vyote, vyako na vyangu. Uniogeshe. Univishe. Useme mbele ya watu kwamba Rukaya binti Athmani amekaa eda yake na siku tatu juu yake, na leo ametoka. Miaka tisa nimo ndani, wifi, hakuna aliyekuja kunitoa.

Na hivyo vikeki, ole wako uwe umevila ndegeni.

Wifi yako,
Rukaya